Mkono wa Kiti

Mambo haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na mimi nilikuwa pale pale na koleo mkononi. Ningekuwa nimesimuliwa tu, ningesema wametia chumvi.

Mimi ni fundi wa makochi. Watu wananiletea viti vilivyochoka, navivua nguo, naviangalia matumbo, navivisha upya. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, na katikati pana mlango wenye pazia. Anayeshona vitambaa ni shemeji. Tunamwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba, na akikuchoma kwa neno utalisikia mpaka jioni. Mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba mshono wa kochi lake umepinda. Sindano akamtazama kutoka juu hadi chini, akamwambia, "Mshono umenyooka, kaka. Wewe ndiye umekaa upande."

Sindano ana kifafa. Alianza kuanguka akiwa msichana, na nilipomwoa dada yake nilikuwa nayajua hayo yote. Lakini kwa miaka mingi hakuwa ameanguka hata mara moja, kwa sababu ya kidonge kimoja cheupe chenye mstari katikati, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Hachezi nacho. Anaviweka kwenye kopo lenye kifuniko juu ya kabati, pasipo joto wala unyevu. Hampi mtu vyake, hachukui vya mtu. Kopo likikaribia kuisha, yeye ameshakwenda kliniki. Kuna shoga yake aliwahi kumwambia, "Si umeshapona? Acha hizo dawa." Akamjibu, "Na wewe nyumba yako haivuji. Panda ukatoe bati."

Kuna jambo moja lazima ulijue. Zamani, kabla hajaanguka, alikuwa anasikia harufu ya yai viza. Harufu hiyo ilikuwa kichwani mwake tu, pua ya mtu mwingine haiipati. Basi tuliwekeana utaratibu. Akiuliza, "Shemeji, unasikia harufu?" nami nikajibu hapana, tunamlaza chini haraka, tunaondoa mikasi, tunangoja ipite.

Asubuhi moja ya kawaida kabisa, redio ya jirani ikiimba, ikaja gari ndogo ya mizigo na kiti kimoja cha mikono. Mwenyewe alishuka amevaa shati jeupe, amejipulizia marashi mpaka nzi walihama.

"Mimi ndiye mwenye kiti," akasema.

Sindano hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Karibu, Mwenyekiti."

Jina likamganda pale pale.

Mwenyekiti alitueleza kwamba kiti kilikuwa cha marehemu mkewe, ambaye ana miaka kadhaa ardhini. Alikuwa anashinda kwenye kiti hicho mchana kutwa. "Mama yangu hakutaka kiondoke nyumbani. Lakini kinanuka. Nimekisugua, nimekianika, kimekataa. Toa kila kitu kilichomo, weka kipya."

"Marehemu alikuwa anaumwa nini?" Sindano aliuliza.

Mwenyekiti akatazama saa yake. "Alikuwa anaanguka."

Akaondoka. Marashi yake yalipotawanyika, ndipo kile kiti kikaanza kupumua.

Nimefungua makochi mengi maishani. Nimekuta panya waliokauka, mswaki, meno ya bandia, chakula chenye manyoya. Tumbo langu si la kuyumbishwa na kiti. Lakini hiki, nilipong'oa misumari ya kwanza, mate yalinijaa kinywani. Harufu ilitoka nzito na ya uvuguvugu, kama mtu aliyecheua karibu na uso wako.

"Shemeji," Sindano akaita, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unasikia harufu?"

"Nasikia," nikasema. "Yai viza na matapishi. Ni hiki kiti."

Akashusha pumzi, akacheka. "Afadhali. Nilidhani ni mimi."

Tulicheka wote wawili, kumbe kicheko chenyewe kilikuwa cha hasara.

Mkono wa kulia wa kiti ulikuwa mzito kuliko wa kushoto. Upande wa ndani, pale ambapo mtu akikaa paja lake linagusa, kitambaa kilikuwa na mpasuko. Mdogo, upana wa kidole. Kingo zake zilikuwa zimelainika, zimepata utando mweusi wa mafuta ya ngozi, kama kinywa cha mtu asiye na meno. Sindano aliingiza kidole chake kupima kina cha mpasuko, ajue umefika wapi. Akakitoa upesi. Kilikuwa kimelowa.

Nilichana ule mkono. Ndani mlikuwa na bonge, ukubwa wa ngumi mbili, la sponji iliyooza, nywele ndefu na vidonge. Vidonge vingi, vimeshikana kama uji uliolala. Nje bonge lilikuwa kavu. Nilipolivunja kwa koleo, katikati lilikuwa bichi. Ute ukavutika kutoka kidonge hadi kidonge, kama wa bamia.

Sindano alisogea akainama. Akaviangalia kwa muda.

"Vina mstari katikati," akanong'ona. "Ni kama vyangu. Huyu dada hakuwa anameza."

Nilitaka kulitupa bonge lile jalalani. Akanikataza. "Dawa hazitupwi ovyo, shemeji, watoto wanachokoachokoa pale. Nitazipeleka hospitali kwenye duka la dawa, wanajua pa kuziharibia." Akalifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, akaliweka nje ukutani. Kisha akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Mpaka jioni alikuwa bado ananusa kile kidole.

Jioni hiyo, tukiwa mezani, jua bado limo dirishani, alimeza kidonge chake kama kawaida. Akakohoa, akashika koo.

"Kimekwama?" mke wangu akauliza.

"Hapana. Kimeshuka." Akameza mate. "Ni kama kuna kitu kimekifuata."

Hatukulitilia maanani. Mtu hukwaruzwa na kidonge.

Asubuhi iliyofuata niliingia karakana nikakuta mkono wa kile kiti kama nilivyouacha, mbao tupu, nimeusugua kwa sabuni na brashi. Kwenye kona ya ndani ya mbao palikuwa na kidonge kimoja. Cheupe. Kipya. Kimezungukwa na povu dogo. Nikajiambia kilidondoka kutoka kwenye bonge. Nilikichukua kwa gazeti, nikakitia kwenye mfuko wa nje. Kilikuwa na joto.

Siku zilizofuata niliokota vingine. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Sindano naye alianza kupungua. Kila akimeza alikohoa, kila akikohoa alifuta machozi. Akala kidogo, akalala vibaya. Na harufu haikwisha, ingawa nilikuwa nimeshatupa vitambaa na sponji yote ya kile kiti.

Mchana mmoja alikuwa anashona mto. Akasimamisha cherehani.

"Shemeji, unasikia harufu?"

Nilinusa. "Nasikia," nikajibu, nikaendelea kugonga msumari.

Nilisikia kishindo. Nilipogeuka, Sindano alikuwa sakafuni, mwili umekakamaa, macho yamepinduka, kisha mikono na miguu ikaanza kupigapiga. Ile harufu ilikuwa imetulaghai. Tulikuwa na kengele moja tu, na kile kiti kilikuwa kimeiziba.

Mke wangu alitoka nyuma ya pazia mbio. Tulisogeza mkasi na pasi, tukamtia mto chini ya kichwa, tukalegeza kola yake. Jirani muuza viatu akaingia na kijiko, anataka kumpanua meno asije akang'ata ulimi. Mke wangu akampiga mkono. "Kijiko chako kakorogee chai! Mtu akianguka hatiwi kitu mdomoni." Mtikisiko ulipolegea tukamgeuza ubavu, mate yatoke. Tukakaa naye mpaka akarudi, amechoka, hajui siku.

Mate yaliyomtoka sakafuni yalikuwa na nywele ndefu. Sindano amekata nywele zake fupi tangu nimjue.

Kliniki wanamjua. Daktari wake ni mama mmoja mtulivu, si mtu wa kupandisha sauti. Alimpima damu. Majibu yalipotoka akayasoma, akavua miwani.

"Binti, dawa kwenye damu yako ni kidogo mno. Kama mtu asiyemeza kabisa. Niambie ukweli, sitakugombeza."

"Nameza, daktari. Asubuhi na jioni."

Mke wangu akadakia. "Basi si ameze viwili viwili, daktari?"

"Hapana. Kuzidisha kuna hatari yake, kuacha ghafla kuna hatari yake. Anameza nilichoandika, na tunatafuta kinakopotelea. Amezee mbele ya mtu. Akitapika, asirudie kwa kukisia, mnipigie. Na akianguka akachelewa kuzinduka, au akaanguka juu ya kuanguka, msingoje kunipigia. Mleteni."

Mke wangu alijizuia mpaka tukafika nyumbani. Mlangoni akalipuka. "Unatema. Umechoka kumeza, unatema, unatudanganya."

"Dada, nakuapia."

"Usiniapie. Utaniachia msiba kwa ukaidi wako."

Nilijua hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote huvaa nguo za hasira. Lakini Sindano aliumia. Aliniangalia kana kwamba ananiomba ushahidi, nami nikakumbuka vile vidonge vilivyolowa, nikageukia pembeni.

Jioni ile mke wangu alimsimamia. Alimpa kidonge, akampa maji, akamwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi, ageuze shavu hili na lile, kama anayekagua mbuzi mnadani. Nilisikia yote kupitia pazia, kwa maana mimi nilikuwa nimesimama karakana, mbele ya kile kiti.

"Meza," mke wangu akasema.

Nikautazama ule mkono wa mbao. Haukuwa na kitu.

"Nimemeza."

Sindano akakohoa.

Mbao ikalowa. Kwanza doa dogo, kama jasho. Kisha doa likasogea. Likawa mawili. Matatu. Nilikuwa natazama alama za vidole. Vidole vilivyolowa, vinatembea juu ya mbao, wala hapakuwa na mkono. Vilifika kwenye kona. Vikatulia. Vilipoondoka, kidonge kilikuwa pale.

Kilikuwa na uzi wa damu.

Nilitapikia kwenye ndoo ya gundi. Sioni haya kusema.

Niliwaambia usiku huo huo. Mke wangu alitaka kubisha, nikamwonyesha kidonge kwenye gazeti, akaketi. Sindano hakushangaa hata kidogo. "Ni kidole," akasema taratibu. "Kila nikimeza kinaingia. Kinapita juu ya ulimi. Kina chumvi. Niliona aibu kusema, mngesema ugonjwa umepanda kichwani."

Mke wangu akamkumbatia, wakakaa hivyo.

Asubuhi nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nyumba yake ilikuwa safi, sakafu inang'aa, kila chumba marashi. Aliponiona bila kiti alikunja uso. Nilimwambia nataka kumsalimia mama yake, yule ambaye hakutaka kiti kiondoke. Akasema mama anaumwa. Nikamwambia, "Mkono?"

Akasogea mlangoni, nikapita.

Mama yake alikuwa kitandani, mzee mdogo wa mwili, kichwa kimefungwa leso safi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringwa taulo, na chini yake pamewekwa beseni. Kutoka kwenye taulo maji yalidondoka. Tone. Tone.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi." Haikuwa swali.

Alifungua taulo kwa mkono wa kushoto. Sitaki kukueleza sana. Umeona vidole vya mtu aliyefua kutwa? Vyeupe, vimekunjamana, vimevimba? Hivyo vilikuwa hivyo, lakini mkunjo umeingia mpaka mfupani, na ngozi imelegea kama soksi iliyolowa. Harufu ilinijia ile ile.

"Madaktari wamefunga dawa, wamechoka," akanong'ona. "Haukauki."

"Ulimfanya nini mkweo?"

Akapiga hesabu zake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza jinsi ya kusafisha samaki.

"Alikuwa na kitu ndani. Kinamwangusha. Nikaona zile dawa ndizo zinakilisha, ndiyo maana hakitoki. Nikasema nikinyime chakula. Mwanangu akienda kazini, na yule akishameza, nilikuwa namkalia pale kwenye kiti. Namshika taya. Natia kidole."

"Kooni?"

"Mpaka kidonge kirudi. Mara ya kwanza alipiga kelele. Baadaye alizoea. Alikuwa anafungua mwenyewe, anafumba macho." Akameza mate. "Nikawa navificha kwenye mkono wa kiti, mwanangu asivione."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Akainuka. Siku moja akaanguka juu ya kuanguka, kabla hajazinduka. Asiinuke."

Tone likadondoka kwenye beseni.

"Nikamzika, nikasema yamekwisha. Lakini mkono haukuacha. Nikisinzia, unakwenda. Siku zote ulikuwa unakwenda kwenye kiti, unashikashika vile vilivyomo, unatulia. Nyinyi mmevitoa. Sasa unatafuta." Akaniangalia. "Nani kwenu aliingiza kidole?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Rudisheni kiti, fundi. Na vidonge vyake. Nami nimechoka."

"Uambie uache."

Akacheka bila sauti. "Tangu lini mkono ukasikia?"

Nilipogeuka, Mwenyekiti alikuwa nyuma ya mlango, anatazama viatu vyake. Uso wake haukuwa wa mtu aliyesikia jambo jipya. Nikamwuliza kama alikuwa anajua.

"Mama ni mama," akasema. Akachukua kichupa mezani, akajipulizia shingoni.

Nimeshika uozo wa kila aina kwa mikono hii. Haukuwahi kunitia kinyaa kama yale marashi.

Nilirudi nyumbani nikawaeleza. Mke wangu alisema turudishe kiti leo leo, na bonge lake, walale navyo. Sindano akatikisa kichwa.

"Tukirudisha, mwanawe atamwoa mwingine. Atakaa nani humo?"

"Basi usimeze leo," nikasema. "Jioni moja tu. Usipomeza hautakuja. Tupate nafasi ya kufikiri."

Aliniangalia kwa lile jicho analowaangalia wateja wanaotaka kushushiwa bei. "Shemeji. Nisipomeza, si nitakuwa nimeufanyia kazi yake?"

Nikamvutia kiti cha mezani. Mwanga wa jioni ulikuwa bado mezani, mwekundu. Mke wangu alileta maji. Kopo likafunguliwa. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, mikono juu ya mabega yake.

Akaweka kidonge ulimini. Akanywa. Akameza.

Tukangoja.

Kwanza ilikuja harufu. Mke wangu aliziba pua. Kisha midomo ya Sindano, iliyokuwa imefumbwa, ikafunguka. Hakuifungua yeye. Pembe ya mdomo ilivutwa kando, ngozi ya shavu ikatuna, ikasogea, kama kuna kitu kinapita kati ya shavu na meno kutafuta njia. Hapakuwa na kitu cha kuona. Taya likashuka. Likashuka zaidi. Ulimi ukalala chini, umebonyea katikati.

Koo likavimba.

Niliona likishuka. Uvimbe mmoja mrefu, chini ya ngozi, unapinda, unakwangua. Macho yake yalitoka. Machozi na kamasi vikamshuka kidevuni. Mke wangu akainua mkono wake amsaidie, Sindano akamzuia kwa kiganja. Ngoja. Uvimbe ukaanza kupanda.

Akauma.

Aliuma kwa meno yote, kwa shingo yote. Mlio ulikuwa wa gegedu, ule mfupa laini wa kwenye viungo, likivunjika. Nimeshasikia mbwa wakitafuna mfupa chini ya dirisha, hata huo mlio haukaribii. Maji ya njano yakamtoka puani. Kitu kisichoonekana kikampiga kichwa huku na huku, kiti chake kikaruka, mimi nikambana mabega, mke wangu akambana magoti, naye hakuachia. Alikuwa anaguna. Sauti ya chini, ya hasira, ya mtu aliyechoka kuingiliwa.

Kikakatika, au kikateleza. Sijui.

Akaanguka mbele juu ya meza, akapumua. Akatema. Damu nyeusi, na ute, na kipande cha ngozi nyeupe iliyokunjamana, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kidonge hakikuwemo. Tulikitafuta kwenye matapishi yale kwa kijiti, sisi watatu, hatuonani uso. Nikaenda karakana. Mbao ya kiti ilikuwa kavu.

Sindano alichukua bilauri ya maji akainywa yote.

"Kimeshuka," akasema.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mwenyekiti. Nyuma yake kulikuwa na mtu anapiga kelele, kelele ya juu isiyokata. "Fundi! Mmefanya nini? Mama kidole chake... fundi, kimesagika!" Nilimsikiliza kidogo. Kisha nikamwambia kiti chake hakiwezi kutengenezeka, nikakata.

Mama yake hakumaliza wiki. Mwanawe hakuja kuulizia kiti, nami sikukiuza wala kukigawa. Nilikichoma nyuma ya nyumba mchana kweupe. Mkono wa kulia ulichelewa kushika moto, ulikuwa unatoa povu. Lile bonge Sindano alilipeleka hospitali mwenyewe kama alivyosema. Mfamasia alilipokea kwa glavu, akauliza limetoka wapi, Sindano akamwambia, "Kwa mtu aliyenyimwa."

Kliniki walimpima damu tena baada ya muda. Daktari akasoma majibu, akatabasamu. Dawa ilikuwa imerudi mahali pake. Hakuuliza dawa ilikuwa inavujia wapi, na sisi hatukumwambia. Mke wangu hakuwahi kumwomba mdogo wake radhi kwa maneno, lakini tangu siku ile ndiye anayemmiminia maji, na hamkagui ulimi.

Sindano hajaanguka tena. Anashona, anachoma watu kwa maneno, anameza asubuhi, anameza jioni. Kama hadithi ingeishia hapa ningeshukuru.

Mwaka uliofuata alianza kulalamika fizi. Nyuma ya meno ya mbele ya chini palikuwa pamevimba, pana kitu kinakwaruza ulimi. Nilimsindikiza kwa daktari wa meno. Akammulika, akasema ni mfupa mdogo uliochomoza, hutokea kwa watu, hauna neno. Akausaga, tukarudi nyumbani.

Umerudi. Kila baada ya muda unarudi. Sasa haendi tena kwa daktari, anasimama mbele ya kioo cha bafuni, anafungua mdomo, anausaga mwenyewe kwa tupa. Siku moja aliniita nimshikie tochi. Nimeona mfupa katika maisha yangu. Ule si mfupa. Ni bapa, wa manjano, una mistari ya kwenda chini, na chini ya ncha yake pana uchafu mweusi, hata apige mswaki vipi.

Ni ukucha. Umepinda, unaelekea kooni.